Kutoka Isipingo: Kabla ya kununua bastola ya mashindano, nunua sefu

Mpwa wangu aliyeko Seeb alinitumia ujumbe usiku wa Alhamisi: "Shikamoo mjomba. Nimeona vidio ya mashindano ya bastola, watu wanakimbia huku wanapiga shabaha. Si ndio mchezo wako huo huko Afrika Kusini? Niambie, bastola gani nzuri ya kuanzia?"

Nikamjibu marahaba, halafu nikanyamaza. Swali hilo ndilo nililouliza miye miaka michache nyuma. Jibu nililopewa dukani lilinila pesa, na Jumapili moja nikaaibika mbele ya mke wangu na mwanangu. Basi nimeona nimjibu hapa hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Khofu ndiyo iliyonipeleka dukani

Mji wetu Isipingo uko kusini mwa Durban, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Upande mmoja bahari, upande mwengine viwanda vya Prospecton, na katikati reli, maduka, misikiti na mahekalu ya Wahindi. Jirani yetu Chatsworth wapo watu wanaoitwa Wazanzibari mpaka leo. Ni wajukuu wa Wamakua waliokombolewa utumwani na kuletwa Durban kati ya mwaka 1873 na 1880. Waliishi Kings Rest, hapo Bluff, hata sheria za ubaguzi zikawahamisha. Kwa hivyo mtu wa Unguja kama miye, niliyeoa hapa, sikujiona mgeni sana.

Lakini Julai 2021 kila mtu alijiona mgeni. Zile fujo za KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua watu zaidi ya 350. Maduka yalichomwa, barabara zilifungwa, mkate ukawa wa foleni. Mitaani wanaume walikesha kwenye vizuizi, wengine na fimbo, wengine na bunduki. Kule Phoenix, kaskazini mwa jiji, watu wengi waliuawa na raia waliojichukulia sheria mkononi.

Miye nilikesha na tochi. Nilipotulia nikaamua: lazima ninunue bastola. Mke wangu akaniuliza neno moja tu, "Halafu utaiweka wapi, na mtoto ana miaka tisa?" Sikuwa na jibu.

Sheria inakufunza subira

Hapa silaha hainunuliwi kama simu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha, namba 60 ya mwaka 2000, inataka uwe umetimia miaka 21, na uwe raia au mkaazi wa kudumu. Unasoma kozi, unafanya mtihani wa sheria na wa kulenga, ndipo unaomba polisi cheti cha ustahiki. Baada ya hapo kila silaha ina leseni yake, na unaeleza unaitakia nini: kujilinda, kuwinda, au michezo. Sefu lazima iwe ya kiwango kilichokubaliwa, imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na wakaguzi wanaweza kuja kuiangalia.

Hayo yote yalichukua miezi. Wakati huo nililalamika kila siku, leo nashukuru. Ile khofu ya Julai ilipata muda wa kupoa. Na mke wangu alitoa sharti lake, ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko la polisi: sefu itangulie kuingia nyumbani, kisha ndio silaha.

Mwalimu wa kozi ndiye aliyenambia, "Ukitaka kuijua bastola yako, njoo uwanjani Jumapili. Anayeiweka droo tu, siku ya siku itamtia hatarini mwenyewe." Hivyo ndivyo nilivyoujua mchezo huu wa shabaha kwa vitendo.

Mchezo wenyewe ukoje

Shirikisho lake la dunia, IPSC, liliundwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Mmarekani Jeff Cooper. Leo lina wanachama katika nchi zaidi ya 100. Afrika Kusini ni kongwe katika mchezo huu: mashindano ya dunia ya bastola yalifanyika hapa mwaka 2002, yakarudi tena Septemba 2025 huko Matlosana.

Kauli mbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Kila kituo kimepangwa vyake: kuta za mbao, madirisha, kadi na vyuma vya kuangusha. Husimami mahali pamoja kama Olimpiki. Unatembea, unachutama, unabadilisha magazini, na saa inahesabu. Wengi hudhani tunalenga sanamu za watu, lakini kadi ya IPSC ina pembe nane na haina kichwa.

Hesabu yake ndiyo inayonoga. Alama ulizopata zinagawiwa kwa sekunde ulizotumia. Chukua kituo cha risasi 12. Wa kwanza amepiga zote katikati, alama 60, kwa sekunde 12: amepata 5. Wa pili amepiga nusu katikati na nusu pembeni kidogo, alama 48, kwa sekunde 8: amepata 6. Wa tatu amekimbia akamaliza kwa sekunde 7, kumi zimeingia katikati, mbili zimekosa. Kila iliyokosa inakatwa alama 10, anabaki na 30, sawa na 4.3 hivi. Wa pili ndiye bingwa, mwenye mbio ndiye wa mwisho. Haraka haraka haina baraka, lakini na mzembe naye hapewi kikombe.

Vifaa: nilivyokosea miye

Kwa kuwa niliingia dukani na khofu, nilitoka na bastola ndogo ya kuficha kiunoni. Muuzaji hakunidanganya, nilimwambia nataka kujilinda. Lakini bastola ndogo ni nyepesi, inaruka mkononi, na vilengeo vyake vimekaribiana. Anayeanza kulenga anahitaji kinyume chake: bastola kubwa yenye uzito, ya milimita 9, ambayo mkono mzima unapata pa kushika.

Viwanjani utaona sana CZ za Kicheki, hasa zile za jina la Shadow, ambazo ni nzito na kifyatulio chake ni laini. Utaona Glock 17 na 34, nyepesi zaidi lakini ngumu kuharibika, na vipuri vyake vimejaa. Ushauri wangu: usinunue ya kwanza mpaka umeshika tatu nne za wenzako. Wanachama ni wakarimu, atakupa yake upige risasi kumi mbele ya msimamizi.

Anzia daraja la Production. Humo bastola ni ya kiwandani bila marekebisho makubwa, na magazini haizidi risasi 15 unapoanza. Wote wanahesabiwa nguvu ndogo, kwa hivyo hakuna anayekushinda kwa kununua risasi kali. Daraja la Open, lenye darubini na vipunguza mshindo, ni la wenye mfuko na uzoefu.

Kosa langu la pili lilikuwa ala. Nilinunua ya kitambaa kwa bei ya chini. Ukishachomoa bastola, mdomo wa ala unajifunga, na kuirudisha unatia mkono wa pili mbele ya mtutu. Hatari tupu. Ala iwe ya plastiki ngumu, ifunike kifyatulio chote, ikae juu ya mkanda mgumu usiopinda. Ongeza mifuko minne ya magazini, miwani ya kinga, na vikinga masikio vya maana. Masikio yakishaharibika hayatengenezeki.

Risasi nazo zina kipimo. Uzito wa risasi kwa greni unazidishwa na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawa kwa 1,000. Isipofika 125, alama zako zinafutwa. Risasi ya greni 124 ikienda futi 1,050 inapata 130: imepita, na haitikisi mkono sana. Mashindano ya klabu ya siku moja yanakula risasi mia hivi, na sheria inaruhusu kuweka 200 tu kwa kila silaha yenye leseni, isipokuwa uwe mwanamichezo aliyesajiliwa rasmi. Piga hesabu hiyo kabla hujapenda bastola.

Na sisi watu wa pwani tuna adui mwengine: chumvi. Hewa ya Isipingo ni kama ya Unguja au Muscat, chuma kinaota kutu usingizini. Nikitoka uwanjani naifuta, naitia mafuta, na ndani ya sefu naweka vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Jumapili niliyofukuzwa

Mashindano yangu ya kwanza nilikwenda na mke wangu na mwanangu, keshafika miaka kumi na moja. Vituo vitatu vilikwenda salama. Cha nne kilitaka nikimbie kushoto huku nabadilisha magazini. Miye ni wa mkono wa kulia. Nikageuza mwili kushoto, macho kwenye magazini, na mdomo wa bastola ukapita ile pembe ya nyuzi 90 kutoka tuta la udongo lililoko mbele. Haikutoka risasi hata moja.

Nikasikia, "Simama!" Nikasimama. Msimamizi akaniambia nitoe magazini, nionyeshe chumba kitupu, niirudishe alani. Kisha akasema kwa upole kwamba nimetolewa mashindanoni. Hakuna onyo wala kubembelezana. Alama zote za siku zikafutwa.

Mwanangu akauliza, "Abba, mbona wamekufukuza na hujampiga mtu?" Sikujua nimjibu vipi. Mamake ndiye aliyemjibu: "Wamemfukuza ili asimpige mtu." Akanigeukia. "Afadhali leo umepoteza alama."

Nilitaka kurudi nyumbani. Mzee mmoja wa klabu akanipa karatasi za viraka, akasema kazi bado ipo. Basi nikabaki mpaka alasiri, nabandika matundu kwenye kadi za wenzangu na kusimamisha vyuma. Siku ile ndiyo nilielewa mchezo. Mwaka 2021 nilidhani bastola itanipa nguvu. Uwanjani niligundua hata mdomo wake siumiliki.

Ustadi unajengwa sebuleni

Tangu hapo sikununua kitu kipya kwa miezi sita. Nilifanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, dakika 15 kwa siku, mara nne kwa wiki, mlango umefungwa. Risasi zote zinabaki ndani ya sefu, chumba cha bastola nakikagua mara mbili, na ukutani nabandika karatasi yenye doa.

Wiki za mwanzo nilikuwa nashika na kufyatua tu, polepole, nikiangalia kilengeo cha mbele kisitikisike. Kisha kuchomoa: mkono wa kulia unashika vizuri bado bastola ikiwa alani, wa kushoto unakutana nao kifuani, kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho limeona shabaha. Kisha kubadilisha magazini, kwanza nimesimama, baadaye natembea kushoto, pembe ile ile iliyonifukuza. Mdomo mbele, miguu kushoto. Mamia ya mara.

Ukizoea, tumia kipima muda. Mlio ukilia moyo unaruka na mikono inasahau, na hilo nalo linataka mazoezi. Na siku ya mashindano, kikaguliwe kituo kwa macho kwanza: wapi nasimama, wapi nabadilisha, kadi ipi imejificha. Nikifumba macho nikakiona chote, niko tayari.

Mwaka uliofuata nilimaliza mashindano katikati ya orodha. Sikupata kikombe, alhamdulillahi nilimaliza.

Kwa mpwa wangu na wenzake

Mwanangu, huko Ghuba msidhani mko mbali na mchezo. Sheikh Ahmed Al Maktoum aliipa Imarati medali yake ya kwanza ya Olimpiki, tena dhahabu, kwa kulenga shabaha, Athens 2004. Fehaid Al-Deehani wa Kuwait akachukua dhahabu Rio 2016. Na mwaka huo huo dada yetu wa Oman, Wadha Al-Balushi, alikwenda Rio na bastola ya upepo.

Anzia hapo, kwenye bastola ya upepo, katika klabu yenye ruhusa na mwalimu. Sheria za kila nchi ni zake, waulize wahusika kabla hujagusa kitu, na usithubutu kubeba hata ganda la risasi kwenye begi la safari. Mshiko, jicho na kidole utakavyojifunza huko ndivyo hivyo hivyo utakavyovitumia ukija Isipingo kunitembelea.

Umeniuliza bastola gani. Miye nakuuliza kama mke wangu alivyoniuliza: utaiweka wapi, na nani yumo nyumbani? Ukishanijibu hilo, nipigie, tutazungumza habari za CZ na Glock mpaka adhana ya asubuhi.