Jana ulikula nini? Swali dogo lenye uzito kwa mkulima wa Usambara

SWALI la "jana ulikula nini?" linaonekana jepesi, lakini majibu yake yanaweza kuamua mboga ipi ihimizwe na mbegu ipi ipelekwe vijijini. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hulipima kwanza dodoso lenyewe kabla ya kuliamini.

Madodoso yapo ya aina mbili kuu. Moja huuliza mtu anakula chakula fulani mara ngapi kwa wiki au kwa mwezi. Jingine humtaka ataje vyote alivyokula na kunywa katika saa 24 zilizopita. Ili kujua kama majibu ni ya kweli, hulinganishwa na chakula kilichopimwa kwa mizani nyumbani, au na mahojiano ya saa 24 yaliyorudiwa siku tofauti. Njia hii ya pili ilitumika kwa watu wazima wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018.

Kwa vijana kazi ni ngumu zaidi. Mama hawezi kujua kila kilichoingia kinywani: andazi la njiani, peasi lililochumwa shambani, muhogo wa kuchoma siku ya soko. Nyumbani wengi hula sahani moja, hivyo ni vigumu kusema nani alikula kiasi gani. Msimu nao hubadili majibu.

Wilayani Lushoto kuna mtego mwingine. Kabichi, karoti na nyanya hupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na anayehesabu magunia anaweza kudhani mboga si tatizo majumbani. Kilichouzwa hakikuliwa.

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara Mashariki, mtafiti Bronwen Powell na wenzake waliangalia milo ya watoto wadogo na mama zao. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa vyakula vya porini, ikiwamo mboga zinazojiotea mashambani, vilichangia asilimia 2 tu ya nguvu ya chakula, lakini asilimia 31 ya vitamini A na takriban asilimia 19 ya madini ya chuma.

Hapo ndipo dodoso bovu linapoleta hasara. Likiuliza "mboga" kwa jumla, mnavu na kabichi huhesabiwa sawa, ingawa majani ya kijani kibichi yana vitamini A nyingi zaidi. Lisipoitaja mchunga, kijana hataikumbuka, na mboga hiyo itaonekana haina mlaji.

Hivyo mhoji akibisha hodi, kijana aulizwe mwenyewe, mboga zitajwe kwa majina ya kwao, na asione haya kusema alikula ugali kwa chumvi. Jibu la kumpendeza mgeni halimletei mkulima mbegu anayoihitaji.