Bibi Arusi wa Luanda Magere Naye Apewe Jina

Ni nani aliyelelewa Kisumu asimjue Luanda Magere, jabali la Kano ambaye mikuki ya Wanandi haikumdhuru? Hadithi yasema Wanandi walimwoza binti yao. Shujaa alipougua, akamwambia mkewe achanje kivuli chake, damu ikatoka. Binti akatoroka na siri hiyo. Vitani kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akageuka jiwe.

Luanda tumemsifu vya kutosha. Je, yule binti? Wasimulizi wengi humwita msaliti tu. Alikwenda kwa hiari? Alilia njiani? Waandishi wetu chipukizi wampe jina na moyo. Leo Wajaluo na Wanandi wanaoana. Mjukuu wa pande zote mbili akiuliza bibi arusi huyo alikuwa nani, utamjibuje?