Thanos anasema mali haitoshi: filme ya Avengers ikitazamwa toka Kamatanda

Filme Avengers: Infinity War ilitoka mwezi wa nne mwaka wa 2018, na hapa Kamatanda ingali inapita toka telefone moja mpaka ingine, kwa Kifaransa, mara ingine na picha mbaya kabisa. Wazee wanaiona kama kelele ya watoto: watu wanaruka, nyumba zinaanguka, jitu moja la rangi ya zambarau linapiga kila mtu. Mimi ninasoma bedé, vile vitabu vya hadithi za picha, tangu shule ya msingi, na ninaona kuna neno moja ndani ya filme hii linalotugusa sisi wakaaji wa Likasi kuliko watu wengi wa dunia. Lakini kwanza tuelezane, juu si kila mtu anajua hawa Avengers ni nani.

Avengers ni kundi la mashujaa wa bedé za Marekani, za kampuni ya Marvel. Walianzishwa mwaka wa 1963 na Stan Lee aliyeandika na Jack Kirby aliyechora. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: kila shujaa alikuwa tayari na hadithi zake, sasa wakawekwa wote pamoja ndani ya kitabu kimoja. Ni sawa na timu ya taifa ya mpira. Mchezaji wa Mazembe na yule wa Lupopo, ambao kila msimu wanapingana, siku hiyo wanavaa jezi moja.

Na shida ya timu ya taifa tunaijua wote: nyota ni wengi, mpira ni mmoja. Filme ya kwanza ya kundi, ya mwaka wa 2012, ilikuwa na mashujaa sita. Infinity War iko na zaidi ya 20, na inadumu dakika 149. Gawanya mwenyewe utaona. Kwenye bedé, shujaa aliyesahauliwa juma hili atarudi mwezi ujao na kitabu chake. Kwenye filme, asiyepewa maneno anabaki amesimama nyuma tu kama mualikwa wa ndoa aliyekosa kiti. Captain America mwenyewe, ambaye alizoea kuongoza kundi, hapa anasema kidogo sana.

Ndugu wawili walioiongoza filme hii, Anthony na Joe Russo, walipata ujanja: filme walimpa adui. Thanos ndiye anayesafiri, ndiye anayetafuta mawe sita ya nguvu, hata kulia analia. Mashujaa wanamkimbilia nyuma tu. Mashabiki wengi wa bedé hawakupenda jambo hilo. Mimi ninaona walifanya vizuri, kwa sababu bila hiyo filme ingekuwa msongamano wa soko. Mahali ninapokosana nao ni pengine: ni ile sababu waliyompa Thanos ya kuua.

Kwenye bedé ya mwaka wa 1991, The Infinity Gauntlet, iliyoandikwa na Jim Starlin, Thanos anapiga vidole na nusu ya viumbe vyote inakufa. Na sababu yake? Mapenzi. Yeye anapenda Kifo, ambacho kimechorwa kama mwanamke, na anataka kumfurahisha. Ni wazimu, na msomaji anajua ni wazimu. Hakuna mtoto atakayefunga kitabu kile na kusema jitu lile liko na haki.

Filme ilibadilisha. Thanos wa filme anazungumza pole pole, kama mwalimu. Anasema viumbe wamekuwa wengi, mali ya dunia haitoshi, kwa hiyo nusu wapotee ili nusu ingine ipate kushiba. Anaeleza kwamba sayari yake mwenyewe, Titan, ilikufa kwa njia hiyo. Na hapa sasa, kwenye kila nchi, vijana walianza kusema: lakini Thanos alikuwa na haki. Nimeyasikia maneno hayo hapa kwetu pia, si kwa mchezo tu. Wanayasema vijana waliozaliwa katika nyumba za watoto nane, mahali ambapo sahani moja inagawanywa kwa mikono mingi, na inaonekana kwao kama hesabu ya kweli.

Basi tuifanye hiyo hesabu hapa, Kamatanda.

Chini ya miguu yetu kuna shaba na kobalti. Watu wanachimba kwa mikono, na chepe na nyundo, wanabeba magunia kwa mgongo. Nchi yetu peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Ile kobalti inaingia kwenye betri, na betri ile iko ndani ya telefone ambayo kijana wetu ameshika akimsikiliza Thanos anasema mali haitoshi! Kama jitu lile lingeshuka hapa na kuuliza wamama wanaouza mikate kando ya barabara, lingejibiwa kwa Kiswahili chetu: "Baba, bintu iko. Haina bintu njo inakosa. Inapita pa mbele ya macho yetu kila siku mu makamyo, inaenda."

Ondoa nusu ya watu wa Kamatanda kesho asubuhi. Makamyo yatapita njia ile ile. Bei ya gunia itaamuliwa na wale wale. Wale watakaobaki hawatapata maji wala umeme kwa sababu jirani yao amegeuka mavumbi. Thanos anahesabu midomo tu, hahesabu nani ameshika mlango wa stoo. Na mtoto wa hapa anayesema Thanos ana haki, anasema nusu ya avenyi yake ni watu wa kuzidi, na sijui kama amejiuliza yeye yuko upande gani wa hiyo nusu.

Linaloniumiza zaidi ni mahali ambapo vita ya mwisho inapiganwa. Ni Wakanda, ile nchi ya Afrika ya kubuniwa yenye madini ya vibranium, ambayo thamani yake inapita madini yote. Stan Lee na Kirby waliibuni Wakanda na mfalme wake T'Challa, yaani Black Panther, mwaka wa 1966. Ni mwaka ule ule mji wetu uliacha jina la Jadotville na kuwa Likasi. Na adui wa kwanza kabisa wa T'Challa kwenye bedé ni Klaw, mzungu aliyekuja kuiba madini na kumuua baba yake. Mwisho wa mwaka huo serikali ya Mobutu ilinyanganya Union Minière mali zake, ikaunda kampuni ya taifa ambayo leo tunaiita Gécamines. Sisemi wale Wamarekani wawili walikuwa wanafikiria Katanga. Lakini mtu wa hapa akisoma kurasa zile hahitaji kuelezwa.

Filme Black Panther ya Ryan Coogler, iliyotoka miezi miwili mbele ya Infinity War, iliuliza swali hilo sawasawa: nchi iliyo na mali ifanye nini nayo, ijifungie ao igawe? Kuna jambo moja tu ninalolidai: treni za vibranium zinapita kwa kasi ndani ya mlima, lakini hakuna mchimbaji hata mmoja aliyepewa hadithi yake. Halafu Infinity War inafika Wakanda na kuigeuza uwanja wa mapigano. Wanajeshi wake wanakufa kwa kulinda jiwe moja lililo kwenye paji la uso la mgeni, Vision. Wale watu ambao ndio wangeweza kumjibu Thanos, kwa sababu wanajua mali inavyofichwa na inavyogawanywa, wanapewa mikuki tu. T'Challa anageuka mavumbi bila kulizungumza neno hilo.

Kuna kitu kingine ambacho mashabiki wa hapa hawajui sana. Hulk na Spider-Man wote wawili walizaliwa mwaka wa 1962, na nguvu zao zinatoka kwenye mionzi: mmoja alipigwa na bomu la majaribio, mwingine aliumwa na buibui. Wakati ule Marekani yote ilikuwa inaishi na woga wa bomu la atomu. Na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945 ilitoka Shinkolobwe, hapo jirani na Likasi. Kwa hiyo kama kuna mtu atakuambia mashujaa hawa ni mambo ya wazungu peke yao, mwambie woga uliowazaa ulipita hapa kwetu kwanza.

Endgame, ya mwaka wa 2019, inawarudisha waliopotea, na wa kwanza kutokea kwenye milango ya moto ni watu wa Wakanda. Nilipiga kelele kama wengine, sikatai. Ila hata humo Thanos anapigwa, hajibiwi.

Kwa anayetaka kuziona kwa mpango: anza na Black Panther, kisha Infinity War, kisha Endgame. Zote tatu pamoja ni karibu saa nane. Telefone ichajiwe mbele.