Mali Bila Daftari

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Waliosema hivyo hawakuwa na shahada ya chuo chochote, lakini walijua jambo ambalo wasomi wetu hulihangaikia miaka mitatu: ya kwamba fedha isiyoandikwa haina mwenyewe. Leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanya kazi juu ya vijana wanaosoma biashara vyuoni, na kazi ya uhasibu inayowangoja.

Si haba tuliyoyafanya. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa. Mwaka 1972 ilitungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Chuo cha Uhasibu Arusha kilifuata mwaka 1990, na Mzumbe ikawa Chuo Kikuu mwaka 2001. Leo Mzumbe na Taasisi ya Uhasibu zina matawi yao Mbeya, hata mtoto wa Njombe hana haja ya kuvuka nchi nzima ili ajifunze kufunga hesabu.

Vyuo hivi hufanya jambo jema, kwa kuwa havimwachi mwanafunzi na vitabu peke yake. Humpeleka kazini kwa majuma kadhaa akajifunze kwa vitendo. Humwalika mhasibu mzoefu aje amweleze kazi ilivyo. Humfahamisha kwamba shahada siyo mwisho wa safari, maana mitihani ya Bodi ingali mbele yake, na cheti cha CPA hakitolewi kwa ajili ya joho.

Lakini yatupasa kuuliza: kijana huyu huonyeshwa wapi kazi hiyo? Mara nyingi macho yake huelekezwa Dar es Salaam, kwenye makampuni makubwa ya ukaguzi yenye asili ya ng'ambo, Deloitte, KPMG, PwC na EY. Hatuna ugomvi na makampuni hayo, na anayepata nafasi huko aipokee kwa mikono miwili. Tunalolikataa ni kumfanya kijana aamini kwamba pasipo ghorofa hakuna uhasibu.

Na tuitazame kata ya Yakobi, katika Halmashauri ya Mji wa Njombe. Nchi ya Njombe ni nchi ya viazi, mahindi, chai, parachichi na miti ya mbao. Mazao mengi yakitoka huko hushuka Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya barabara ziendazo Songea, Mbeya na Dar es Salaam. Fedha ipo, daftari ndilo haba.

Chukueni mfano wa lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Mkulima akiuza magunia 20 ya viazi, na kila moja limeshindiliwa likafika kilo 130, ametoa kilo 2,600 akalipwa kana kwamba ni 2,000. Magunia 6 yamekwenda bure mchana kweupe! Asiyeandika uzito hataijua hasara hiyo. Atasema tu kwamba mwaka huu viazi havina faida. Au mtazameni mwenye shamba la misindano. Amengoja zaidi ya miaka kumi. Amelipa vibarua, amenunua miche, amelima njia za moto. Siku ada ya shule inapombana, huuza miti ikiwa imesimama kwa bei aitajayo mnunuzi, maana yeye mwenyewe hajui imemgharimu kiasi gani.

Historia imekwisha kutuonya. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika, ikakuta upungufu mkubwa wa watu wenye ujuzi na uongozi mbaya wa mali za wanachama. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na ikatubidi kutunga sheria ya kuvirudisha mwaka 1982. Mwaka huo huo liliundwa shirika la kukagua hesabu zake, COASCO. Lakini mkaguzi hukagua kilichoandikwa. Palipo na daftari tupu, mkaguzi naye hutoka mikono mitupu.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, vyuo vya Mbeya na Iringa viweke vyama vya wakulima, vyama vya akiba na mikopo na ofisi za kata katika orodha ya mahali pa mafunzo, na kila mwanafunzi awe chini ya mhasibu mwenye sifa kutoka halmashauri, ili asije akapoteza muda wake. Pili, vyama vimpokee kijana huyo, vimpe malazi na chakula, na vimfungulie vitabu bila hofu. Hakuja kukagua, amekuja kujifunza na kusaidia kuandika. Kiongozi anayeogopa macho ya mwanafunzi tutamwuliza anaficha nini. Tatu, wanachama waache kumchagua mtunza hazina kwa ujomba na ushemeji, na kila mmoja adai kusomewa hesabu katika mkutano.

Nanyi vijana, msidhani kwamba kazi hii ni ndogo. Mama mjane aliyeweka akiba yake katika kikundi hana mwanasheria wala mlinzi wa kumtetea. Mlinzi wake ni mstari mmoja ulioandikwa sawasawa: tarehe, kiasi, na sahihi. Nendeni mkauandike.