Wahafidhina wa Marekani Wana Beef ya Ndani, na Inakugusa Kuliko Unavyodhani

Ukifuatilia siasa za Marekani kwa simu, ni rahisi kudhani wafuasi wa Donald Trump wote ni kitu moja: kofia nyekundu, Biblia mkononi, ukuta mpakani. Zii. Ndani ya hiyo nyumba kuna wasee hawawezi kukaa meza moja bila kurushiana maneno. Na kabla useme hiyo ni story ya wazungu, jua hiyo beef imegusa dawa za ARV hapa Kenya, na pia ile doo anti yako hutuma kutoka Texas.

Walianzia wapi?

Miaka ya themanini, Ronald Reagan alibeba makundi matatu kwa gari moja. Kulikuwa na watu wa biashara, waliotaka kodi ndogo na serikali isiwaingilie. Kulikuwa na Wakristo wa kupinga uavyaji mimba. Halafu kulikuwa na watu wa jeshi kubwa, waliotaka Marekani iwabane Wakomunisti wa Sovieti kila kona ya dunia.

Hawakuwa wanapendana sana, lakini adui alikuwa mmoja. Sovieti ilipovunjika 1991, adui akaenda na hiyo gundi ikaanza kuachia.

1992, Pat Buchanan alimkabili rais wa chama chake mwenyewe, George Bush mzee, akisema wahamiaji na biashara za nje zinawamaliza Wamarekani wa kawaida. Alishindwa. Lakini baadaye viwanda zikazidi kuhamia ng'ambo, na vita ya Iraq iliyoanza 2003 ikakula maisha na pesa miaka na miaka. 2016 Trump alirudisha hiyo line ya Buchanan, akashinda. Ndio hapo kundi la nne, "Marekani Kwanza", lilikalia kiti cha mbele.

Wanapigania nini sasa?

Ya kwanza ni ushuru. Aprili 2025 Trump alitangaza ushuru kwa bidhaa za karibu dunia nzima, Kenya ikapewa 10%. Wahafidhina wa biashara kama seneta Rand Paul walipinga waziwazi, wakisema mwishowe ni Mmarekani wa kawaida atalipa akienda dukani.

Ya pili ni vita. Juni 2025, siku chache kabla Marekani ilipue vituo vya nyuklia vya Iran, Tucker Carlson na seneta Ted Cruz walichanana mbele ya kamera. Wote wawili walikuwa watu wa Trump. Cruz alikuwa anaunga mkono kuibana Iran, Carlson akiuliza hiyo vita inamsaidia Mmarekani gani.

Ya tatu ni kazi. Desemba 2024, hata kabla Trump aapishwe, Elon Musk na Steve Bannon walikosana juu ya visa ya H-1B, ile ya wataalamu kutoka nje. Musk alisema kampuni zinahitaji hao watu. Bannon akasema hizo kazi ni za Wamarekani. Septemba 2025 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Kama wewe ni msee wa code hapa Nairobi na ulikuwa unaota kampuni ya huko ikuitie kazi, hapo ndoto ilipanda bei.

Sasa angalia hii ya ARV

PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupigana na ukimwi, ulianzishwa 2003 na George W. Bush, mhafidhina na Mkristo wa kuokoka. Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza kufaidika. Wahafidhina wengi wa kanisa waliiona kama kazi ya Mungu.

2023, wabunge wa chama hicho hicho cha Republican wakagoma kuiongezea miaka mitano, wakidai pesa zake zinaweza kufikia mashirika ya kuavya mimba. Januari 2025 watu wa Marekani Kwanza wakaingia ofisini na kusimamisha misaada ya nje, na hapa Kenya watu wanaoishi na virusi wakaanza kuuliza kama dawa ya mwezi ujao itakuwepo. Halafu Julai 2025, serikali ya Trump ilipotaka kukata dola milioni 400 za PEPFAR, maseneta wa Republican ndio walikataa, na hiyo pesa ikatolewa kwa orodha ya kukatwa.

Chama ni kimoja na mpango ni mmoja. Lakini aliyeuanzisha, aliyeubana, aliyeusimamisha na aliyeuokoa wote wanajiita wahafidhina.

Na ile pesa ya diaspora?

2023, JD Vance akiwa bado seneta, alileta mswada wa kukata 10% kwa pesa zinazotumwa nje. Haukupita. 2025 wazo likarudi ndani ya mswada mkubwa wa Trump: likaanza na 5%, likashuka hadi 3.5%, kampuni za fedha zikipiga kelele. Sheria ilipotiwa saini Julai ilikuwa imebaki 1%, kuanzia Januari 2026, na inagusa pesa taslimu, money order, cashier's check na njia kama hizo. Anti akituma kutoka kwa akaunti ya benki, hakatwi.

Kwa hivyo siku ingine ukisikia "wahafidhina wa Marekani wamesema", uliza ni gani. Ni wa biashara, wa kanisa, wa jeshi ama wa Marekani Kwanza? Jibu ndilo litakuambia kama hiyo habari inakuletea dawa, inakufungia visa, ama inakatia anti yako shilingi.