FUNDI ANAYEUNDA KIPURI SI KIBARUA



Land Rover za zamani bado zinatembea katika nchi zetu. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Lakini chesisi ni ya chuma: mabati manne mazito yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu. Matope na maji huingia humo, na kutu hula kutoka ndani huku rangi ya nje ingali nzuri.

Kipuri cha gari kama hili kisipopatikana dukani, fundi hukiunda. Huko Uganda, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia. Biashara nyingi zilikwama na vipuri vikaadimika. Mafundi wa Katwe, Kampala, wakajulikana kwa kuunda kisichonunulika.

Kazi hii ni ya akili. Tuchukue bushi iliyolika. Ukipima palipolika, utakereza bushi mbovu nyingine. Fundi hodari hutafuta sehemu ya chuma ambayo haijaguswa na msuguano, hupima hapo, ndipo hukereza shaba nyeusi polepole mpaka iingie bila kulegea. Akiongeza viti na vishikio vya kubebea wafanyakazi, haweki chuma juu ya aluminiamu mikavu hivi hivi. Hutenganisha kwa rangi au mpira, kwa sababu vikigusana penye unyevu aluminiamu huoza.

Na fundi hodari anajua pa kukataa. Fimbo ya usukani iliyovunjika haichomelewi. Mpira wa breki haukatwi kutoka tyubu kuukuu, wala oili ya injini haitiwi mahali pa mafuta ya breki, maana hufura mpira na breki hushindwa. Nyuma ya gari hilo wamekaa wenzetu.

Hatari nyingine iko karakana. Tangi la petroli lililokwisha mafuta ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki hulipuka kwa cheche moja. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe. Jioni fundi hutetemeka kwa homa, akadhani ni malaria. Zinki iondolewe kwanza kwa tupa mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike penye upepo.

Sasa tujiulize: mtu mwenye ujuzi huu anaandikwa nini katika daftari la mishahara? Mara nyingi ni kibarua, eti hana cheti. Tajiri anaokoa bei ya kipuri kipya, lakini akili iliyokiunda hailipi.

Wajumbe wa matawi, dai mambo matatu. Kwanza, fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake na apewe daraja lake. Pili, miwani, glavu na kinga ya moshi zinunuliwe na mwajiri. Tatu, fundi anayekataa kutoa gari lenye breki mbovu asiadhibiwe. Mkiwa na kesi, andikeni kila kipuri kilichoundwa, tarehe, na jina la aliyekiunda. Daftari hilo ndilo litakalokuwa cheti chake mezani.

Umoja ni nguvu.