Mbwa wa Mnyororo

Soma: Mithali 12:10, Luka 10:30-37

Habari tunayowaletea leo ni ya mbwa. Huenda mwingine akacheka, maana kwetu kumwita mtu mbwa ni kumtukana. Lakini mwandishi wa Mithali hakuona haya kuipima haki ya mtu kwa namna anavyomtunza mnyama wake.

Hapa Mamboleo, karibu na barabara iendayo Kakamega, palikuwa na boma ambalo mwenyewe alihama, akamwacha mbwa mkubwa mlangoni, amefungwa kwa mnyororo. Alikuwa na damu ya wale mbwa wa Kijerumani tunaowaona pamoja na polisi. Watoto walimwita Simba, ingawa mbavu zake zilihesabika. Jirani mmoja alimtupia ukoko wa ugali alipokumbuka. Na sisi tulipita hapo kila Jumapili, Biblia mkononi. Tulisikia mnyororo ukilia, tukavuka upande wa pili wa njia. Tulivuka hivyo kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo tulihubiri juu ya Msamaria Mwema walau mara moja.

Kilichotuamsha ni maneno ya sumu. Majirani waliona pete za mnyororo zimelika kwa kutu, na watoto wa shule hupita pale asubuhi. Hatuwalaumu. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Katika Kenya ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mbwa mwaka 1912, na mwaka 1928 ukampata mwanamke wa pande hizi za Ziwa. Mpango wa taifa uliotolewa mwaka 2014 unakusudia kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na mbwa ifikapo 2030, na Kisumu ni mojawapo ya kaunti zilizochaguliwa kuutangulia. Aliyeumwa na aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama mbwa anaonekana mzima. Dalili zikishaanza, huwa amechelewa.

Basi tulimtafuta mwenye mbwa kwa simu, naye akatukabidhi mbele ya mzee wa mtaa. Daktari wa mifugo akaja, akamfunga kinywa kwa ukanda, akamchanja, akampa dawa ya minyoo na ya kupe. Mnyororo ulikuwa umekula shingo hata nyama ikaonekana.

Kwanza tulitaka kumshibisha kwa siku moja. Daktari alitukataza. Tumbo lililokaa na njaa muda mrefu halistahimili karamu. Mnyama huweza kufa kwa chakula chenyewe. Tukampa ugali na omena kidogo kidogo, mara nne kwa siku, saa zile zile, bila mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hiyo hupasuka na kuchoma matumbo.

Baada ya chakula ikabaki hofu. Watu hudhani mbwa akifungwa na kunyimwa atakuwa mlinzi hodari. La. Mbwa aliye huru akiogopa hukimbia. Aliyefungwa hawezi kukimbia, hivyo hubakiwa na meno tu. Mwaka baada ya mwaka hujifunza kwamba meno ndiyo yanayomwondoa mtu. Kwa hiyo tulimjengea ua wa waya, tukatupa mnyororo. Tuliketi nje ya ua tukimgeuzia ubavu, tukisoma gazeti, bila kumkazia macho wala kumnyoshea mkono. Siku ya kumi na moja alikuja mwenyewe akanusa kiatu. Fimbo hatukuitumia hata mara moja, maana mbwa akipigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, kisha huuma bila kuonya.

Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe alipotupenda alianza kutulinda, na hapo ndipo tulipokosea, kwa kuwa tulifurahi. Tulijisifu kwamba mwizi hathubutu. Jioni moja mama mmoja wa kanisa alikuja na msiba wake, mtoto wake akiwa mahututi. Lango lilikuwa wazi na Simba hakuwa ndani ya ua. Alimbana kwenye uzio, akararua leso yake. Hakumuuma, Mungu ashukuriwe. Lakini yule mama alirudi kwake bila kuombewa, nasi tulipata habari kesho yake.

Tangu siku ile tulimfundisha upya. Mgeni alisimama mbali, mahali ambapo Simba alimwona lakini hajabweka bado, naye akapewa kipande cha nyama. Siku nyingine mgeni akasogea hatua chache. Akibweka, tulijua tumeharakisha, tukarudi nyuma. Kazi hii ilichukua miezi mitano. Alitulia sana, ila hakuwa mbwa wa nyumba ya mchungaji, ambayo watu hubisha hodi usiku. Hilo lilituuma kulikubali.

Tukamtafutia kwingine. Kijana mmoja alimtaka kwa ajili ya kulinda duka, afungwe mchana, tukamkatalia. Mzee mmoja na mkewe upande wa Kajulu, wenye ua mzima na wageni wachache, waliomba kumwona. Tuliwaambia yote: leso iliyoraruliwa, kwamba asiguswe anapokula, kwamba wajukuu wasiachwe naye peke yao, kwamba chanjo ni kila mwaka. Mwenzetu mmoja alituonya kwamba tukisema hivyo hakuna atakayemchukua. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza anapenda kulala wapi.

Walikuja mara sita kumlisha kwetu kabla ya kumchukua, naye akaenda na gunia lake lenye harufu aliyoizoea. Baada ya miezi mitatu tulikwenda kuwaamkia. Simba alibweka mara mbili, akatujua, akaja akanusa viatu vyetu. Kisha akarudi akalala miguuni pa mzee.